Milimita 435

Reli ya zamani inayopanda kutoka Nairobi hadi Nanyuki ina upana wa milimita 1,000, ukipima kutoka ukingo wa ndani wa chuma kimoja hadi ukingo wa ndani wa kile kingine. Ya SGR ina milimita 1,435. Tofauti ni milimita 435, karibu dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko chako hadi ncha za vidole. Ni kitu kidogo ukikitazama hivyo. Lakini kwa sababu ya dhiraa hiyo, hakuna behewa lililotoka bandarini Mombasa kwa SGR linaloweza kufika Karatina kwa magurudumu yake lenyewe.

Nimeishi na namba hizi mbili kwa miezi kadhaa kwa sababu ya behewa moja la plastiki lenye urefu wa kalamu ya Bic. Nililipata Toi Market, ndani ya gunia la vichezeo vya mtumba, kati ya Lego zisizotimia na wanasesere wasio na nywele. Muuzaji alianza na mia tatu, tukamalizana kwa mia moja na hamsini. Ni behewa la mizigo la Kimarekani: sanduku refu, mlango wa kusukuma ubavuni, bogi mbili chini, kila bogi na magurudumu manne. Nilitaka kuligeuza liwe behewa ambalo lingeweza kusimama Karatina au Kiganjo, na mtu wa huko alitazame bila kuuliza limetoka nchi gani.

Watu wanaounda treni ndogo duniani watakwambia kwamba kabla ya rangi, kabla ya kutu ya kuigiza, kuna vitu viwili vya kubadilisha: magurudumu na viungo, yaani vile vyuma vinavyoshikanisha behewa na behewa. Kiwanda hutengeneza magurudumu manene yenye midomo mirefu ili treni isianguke mtoto anapoikimbiza juu ya zulia. Kiungo nacho hutengenezwa kama kulabu kubwa ambayo hata mtoto wa miaka minne anaweza kuifunga. Ukitaka ukweli, unaanza na hapo. Nilipoanza hapo, niligundua kwamba historia yote ya reli ya kwetu Mlima Kenya imo ndani ya vipande hivyo viwili. Magurudumu yanaeleza reli ilitoka wapi na ilijengewa nani. Viungo vinaeleza kilichovutwa juu yake.

Tuanze na magurudumu.

Uganda Railway ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Waliotoka India kuja kuijenga walikuwa karibu 32,000, na takriban 2,500 kati yao walifariki. Upana wa mita moja ulikuwa tayari unatumika kwenye maelfu ya maili za reli kule India. Kwa hivyo injini, mabehewa, mataruma na mafundi wangeweza kushushwa kutoka melini Mombasa na kuanza kazi bila mtu kuchora kitu kipya. Kwa maneno mengine, upana wa reli yetu haukuchaguliwa kwa kutazama Mto Sagana au matuta ya Murang'a. Ulichaguliwa kwa kutazama kilichokuwa ghalani upande wa pili wa bahari.

Kabla ya hayo yote, Wakikuyu walikuwa na masimulizi ya Mugo wa Kibiru, mtabiri aliyeona wageni wakija na nyoka wa chuma mwenye miguu mingi kama jongoo, akitambaa kutoka maji makuu ya mashariki kuelekea maji mengine ya magharibi. Jomo Kenyatta aliusimulia utabiri huo katika Facing Mount Kenya, kitabu chake cha 1938. Watu wengi hukumbuka ule moto na moshi. Mimi siku hizi nakumbuka miguu. Mzee huyo aliangalia chini, pale mwili unapogusana na ardhi, na hapo ndipo mambo yenyewe yako.

Sasa rudi kwenye behewa langu la mtumba. Kipimo chake ni kile kinachoitwa HO, ambapo kila kitu kimegawanywa kwa 87. Gawanya 1,435 kwa 87 unapata 16.5, na kweli magurudumu yake yanakaa kwenye reli ndogo ya milimita 16.5. Huo ndio upana wa Marekani, wa sehemu kubwa ya Ulaya, wa Uchina, na tangu mwaka wa 2017 ni wa SGR yetu pia. Kichezeo chochote cha kawaida cha HO utakachokitoa kwenye boksi leo, kwa upana wa reli, tayari ni treni ya SGR. Hakihitaji kubadilishwa.

Gawanya 1,000 kwa 87 unapata 11.5. Hapo ndipo duka linanyamaza. Watu wa kipimo hiki hutumia reli ya milimita 12, na wanaoiuza kwa wingi wanawauzia wanaopenda treni za Uswisi, kwa sababu Waswisi nao wana reli za mita moja zinazopanda milima yao. Bei ni ya Uswisi pia. Kwa hivyo mtu wa Nyeri anayetaka treni ya kwao hana la kununua lililo tayari. Anachukua ya mwingine na kuisogeza magurudumu.

Kuisogeza si uchawi. Kila jozi ya magurudumu imepachikwa kwenye ekseli nyembamba ya chuma. Ukitoka milimita 16.5 kwenda 12, unapunguza milimita 4.5, maana yake kila gurudumu linaingia ndani kwa milimita mbili na robo. Ekseli yenyewe inabaki na urefu wake, ncha zake bado zinakaa kwenye vishimo vya bogi. Tatizo ni kwamba magurudumu lazima yaingie sawasawa, la sivyo behewa litatembea likiyumba kama mlevi anayetoka Majengo usiku. Nilipeleka ekseli zangu nne kwa fundi wa saa mjini Nyeri, mzee mwenye kibanda cha upana wa mlango mmoja na lenzi ya jicho iliyofungwa kwa raba.

"Mzee, naomba unisukumie haya yaingie ndani kidogo."

"Kidogo ngapi, kijana?"

"Milimita mbili na robo. Kila upande."

Aliligeuza gurudumu chini ya taa. "Hii si saa."

"Ni treni."

"Ya wapi?"

"Ya Nanyuki."

Akacheka mpaka lenzi ikamtoka. "Basi hiyo haijawahi kujua saa." Halafu akaifanya kazi ile kwa dakika ishirini, akipima kwa kalipa kila mara, na hakukubali nilipe zaidi ya bei ya kubadilisha betri.

Mdomo wa gurudumu ni hadithi nyingine. Gurudumu la treni halizuiliwi na kitu kingine ila ule ukingo wa ndani unaoshuka chini ya uso wa reli. Kwenye behewa halisi unashuka karibu milimita 30. Gawanya kwa 87, unapata theluthi moja ya milimita, unene wa kadi ya harusi. Magurudumu niliyoyakuta kwenye behewa langu yalikuwa na midomo ya zaidi ya milimita moja. Ukiyakuza yawe ya ukubwa wa kweli, yangeshuka sentimita kumi, yakisaga kila boliti na kila taruma kutoka Thika hadi Naro Moru. Unafunga ekseli kwenye drili, unaizungusha polepole, unaweka tupa laini kwenye ukingo, na plastiki inatoka kama unga. Nilikomea karibu milimita 0.6. Chini ya hapo behewa linaanza kuruka reli, kwa sababu reli ndogo ya mezani haijanyooka kama ya kweli.

Magurudumu yakishaingia ndani, behewa linabadilika sura. Mwili unabaki mpana, miguu inakaribiana, na pande zote mbili zinaning'inia nje ya reli. Ukisimama kando ya reli pale Kiganjo utaona jambo hilo hilo: sanduku lenye upana wa zaidi ya mara mbili ya njia linayoikalia. Ndiyo sura ya treni zetu, na hakuna rangi inayoweza kuileta kama magurudumu hayajasogezwa.

Kwa nini tulibaki na miguu myembamba? Kwa sababu ni rahisi. Reli nyembamba inakata kona kali zaidi, inahitaji tuta jembamba zaidi na mawe machache zaidi. Nchi ya matuta na mabonde kama Murang'a na Nyeri ingekula pesa nyingi kwa reli pana. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka wa 1913. Baada ya Vita vya Kwanza, mashamba ya Nanyuki na Laikipia yaligawiwa wanajeshi wa Kiingereza waliostaafu, na reli ikaongezwa kuwafuata: Maragua, Murang'a iliyoitwa Fort Hall, Sagana, Karatina. Kufikia 1927 ilikuwa imefika Kiganjo, na kufikia 1931 ilikuwa Nanyuki, kama kilomita 240 kutoka Nairobi. Njiani inashuka hadi karibu mita 1,200 pale Sagana, halafu inapanda tena hadi zaidi ya mita 1,900.

Utagundua nimesema Kiganjo, sijasema Nyeri. Mji wa Nyeri haujawahi kufikiwa na treni. Stesheni ilijengwa kilomita kama kumi kutoka mjini, ikaitwa Nyeri Station, na njia ikaendelea kaskazini kuwafuata walowezi. Wakikuyu ambao ardhi yao ilikatwa katikati walikuwa na reli inayopita mbele ya nyumba zao ikienda kwa watu wengine. Zao lenye pesa, kahawa, hawakuruhusiwa kulipanda kwa miaka mingi. Ruhusa ilikuja kwa vipande vidogo miaka ya 1930, na milango haikufunguliwa vizuri hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hivyo behewa la mizigo la Karatina, mwaka wa 1930, halikuwa behewa la mkulima wa Karatina. Lilimpita tu.

Hata hivyo watu waliligeuza kwa matumizi yao. Karatina ilikua kuzunguka stesheni, na soko lake leo linajulikana Afrika Mashariki nzima. Mwaka wa 1942 serikali ya kikoloni ilianzisha pale kiwanda cha kukausha mboga, ili kulisha wanajeshi wa Vita vya Pili. Kabichi, karoti na viazi kutoka mashamba madogo ya Nyeri vilikaushwa na kupakiwa. Kwa mara ya kwanza wakulima wa huko walikuwa na mnunuzi wa hakika na mabehewa mlangoni. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, ingawa wakulima walitaka kiendelee. Watu walioonja jinsi reli inavyoweza kuwafaa hawakusahau. Nadhani hasira ya miaka ya mwisho ya 1940 ina harufu kidogo ya karoti zilizokaushwa.

Sasa viungo.

Kiswahili kimetupa neno zuri hapa. Kiungo ni kile kinachounganisha mabehewa, na pia ni goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Mabehewa ya mwanzo, ya mtindo wa reli za mita za India, yalikuwa na bafa moja katikati na ndoano inayoangukia upande wa pili. Baadaye reli yetu ikahamia kiungo cha kujifunga chenyewe, kile kinachofanana na ngumi. Kukielewa hauhitaji mchoro. Kunja vidole vya mkono wako wa kulia kama umeshika mpini wa jembe. Fanya hivyo na wa kushoto. Sasa vitelezeshe vidole vya mkono mmoja ndani ya vya mwingine, uvute. Ndivyo hivyo. Vyuma viwili vinagongana, kidole cha kimoja kinajifunga ndani ya kingine, pini inaanguka mahali pake, basi. Kukifungua unainua pini kwa mkono wa chuma ulio pembeni, bila kuingia katikati ya mabehewa.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo maana yake yote. Kule Marekani, kabla ya kiungo hiki, mfanyakazi alisimama kati ya mabehewa mawili yanayokaribiana na kuingiza pini kwa mkono. Walipoteza vidole, mikono na maisha, kiasi kwamba mwenye reli aliweza kutambua mfanyakazi mzoefu kwa kuhesabu vidole vyake. Eli Janney, karani wa duka huko Virginia, alipata hataza ya kiungo cha ngumi mwaka wa 1873. Ilichukua miaka ishirini zaidi, hadi 1893, kwa Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kulazimisha makampuni kuweka viungo vya kujifunga na breki bora. Teknolojia ilikuwepo, lakini vidole vya wafanyakazi vilikuwa bei rahisi kuliko chuma. Ukisoma hapo na wewe ni Mkenya, unaelewa bila kufafanuliwa.

Kwenye treni ndogo historia ilijirudia kwa sura ya mchezo. Behewa langu lilikuja na kile kiungo cha plastiki chenye pembe, kilichoenea Marekani tangu miaka ya 1950 kwa sababu kilikuwa rahisi kutengeneza. Kinashika, lakini hakifanani na kitu chochote kilichowahi kutembea kwenye reli. Ndugu wawili wa Oregon, Keith na Dale Edwards, ndio waliowapa watu ngumi ndogo ya kweli inayofunguka kwa sumaku iliyofichwa chini ya reli. Kampuni yao inaitwa Kadee, yaani K na D. Jozi moja inatosha kwenye ukucha wa kidole gumba, na spring yake ni nyembamba kama unywele. Niliagiza pakiti moja kupitia mtu aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo. Nilikata pembe za plastiki kwa wembe, nikatoboa tundu dogo chini ya sakafu ya behewa, nikafunga kijiboksi cha kiungo kwa skrubu. Urefu wake kutoka reli unapimwa kwa makini, maana ngumi mbili zisipokutana kimo kimoja, moja itapita juu ya nyingine mlimani na treni itakatika.

Kuna kitu kiungo cha ngumi kinafanya ambacho picha haionyeshi. Hakikazi kabisa. Kati ya ngumi na ngumi kuna nafasi ndogo ya kucheza. Injini ikiondoka, haivuti mabehewa ishirini kwa pamoja. Inavuta la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu, na mshtuko unasafiri nyuma, ta-ta-ta-ta-ta, mpaka la mwisho. Hiyo nafasi ndiyo inayoiwezesha injini kung'oa mzigo mzito kutoka kusimama. Kwa aliye ndani ya behewa la mwisho, ni kama kupigwa teke mgongoni.

Guka wangu aliujua mshtuko huo. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa na kuchujwa Langata, na wengi wakapakiwa kwenye treni kupelekwa kambi za Mackinnon Road na Manyani. Guka alikuwa mmoja wao, kijana aliyekuja mjini kutoka upande wa Karatina kutafuta kazi. Kuhusu kambi yenyewe alisema machache sana. Kuhusu treni alisema zaidi. Alisema hukuweza kuona nje vizuri, hukujua mmefika wapi, lakini ulijua treni inapoanza, kwa sababu ulisikia vyuma vikija kutoka mbele, kimoja baada ya kingine, na ukajishika kabla havijakufikia. Alivihesabu. Hivyo ndivyo alivyojua kuna watu wangapi mbele yake, kwa hesabu ya mabehewa.

Reli ile ile iliyobeba kabichi zilizokaushwa kwenda vitani, mita moja ile ile, kiungo kile kile. Nilipokuwa nikifunga ngumi yangu ya Kadee chini ya plastiki nilijua siwezi tena kuiita kichezeo na kuishia hapo.

Ila pia kuna upande mwingine, na huo nao ni wetu. Kwa Kikuyu treni ni mũgithi. Wewe msomaji wa Nairobi, hata kama hujui neno lingine la Kikuyu, unajua hilo, maana umewahi kujikuta Ijumaa usiku kwenye club, mtu mmoja na gitaa lake mbele, na ghafla watu wameshikana mabegani au viunoni, mstari mrefu unaozunguka meza, unapita jikoni, unatoka hadi parking na kurudi. Wanaocheza hawafikirii reli. Lakini angalia kinachofanyika: kila mtu ni behewa, mikono ni kiungo, na aliye nyuma anahisi aliye mbele akibadilisha hatua kabla hajamwona. Mstari nao una ile nafasi ya kucheza. Wa mbele anaondoka, na wewe wa ishirini unachelewa sekunde moja, halafu unavutwa. Chombo kilichoingia kwetu kikitumikia wengine kimegeuzwa ngoma ambayo haina abiria wala mwenye treni. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu hilo. Watu walicheza tu.

Nikimaliza kiungo, swali lililobaki ni la maandishi ubavuni. Kwenye treni ndogo, herufi ndizo zinazotaja mwaka. Ukiandika KUR, uko kabla ya 1948, wakati wa Kenya and Uganda Railways. Ukiandika EAR, uko kati ya 1948 na 1977, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa shirika moja. Ukiandika KR, uko baada ya jumuiya kuvunjika mwaka wa 1977, mali ikagawanywa kama ya ndoa iliyokwisha, mabehewa haya yako, yale yangu. Huwezi kuwa na behewa lisilo na mwaka. Lazima uchague, na ukichagua mwaka umechagua mzigo.

Wakati wa EAR ndio wapenzi wa treni hupenda zaidi, kwa sababu ya injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, kati ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja tani zaidi ya 250, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ya kwanza, namba 5901, iliitwa Mount Kenya. Lakini kila ekseli yake iliyovuta ilibeba tani 21, na reli nyepesi za matawi hazingevumilia. Kazi yake ilikuwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Kwa hivyo Mount Kenya haikuwahi kuvuta treni kuelekea Mlima Kenya. Jina lilibaki kwenye bamba, miguu ikabaki kule tambarare. Ukitaka kuona dada zake wawili, Mount Gelai na Mount Shengena, wako Railway Museum pale Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1971. Piga magoti uangalie ngumi iliyo mbele. Ni kubwa kama kichwa cha ng'ombe.

Tawi la Nanyuki lilififia polepole. Malori yalichukua kahawa, ngano na mbao, nyasi zikaota katikati ya mataruma, na kwa zaidi ya miaka kumi kizazi chetu kiliijua reli kama mahali pa kukausha nguo na njia ya mkato ya kwenda shule. Mwaka wa 2020 ikafufuliwa, wanajeshi wa KDF na vijana wa NYS wakishirikiana na Kenya Railways, na Desemba hiyo treni ya abiria ikarudi, nauli ya mia mbili hadi Nanyuki. Wengi walishangaa mbona haijawekwa SGR. Swali ni la haki. SGR ilifika Nairobi mwaka wa 2017, na Suswa mwaka wa 2019, ikakomea hapo. Ili mzigo uendelee kwenda Malaba, ilibidi ijengwe reli ya mita moja ya kilomita kama 24 kuunganisha na njia ya zamani. Kontena linainuliwa kutoka behewa la milimita 1,435, linawekwa kwenye behewa la milimita 1,000. Kreni inafanya kwa kila kontena kile fundi wa saa alichonifanyia kwa dakika ishirini, tena kila siku, kwa mamilioni ya pesa.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema reli ya mita ni takataka ya mkoloni ya kung'olewa. Ililetwa kwa sababu zao, ndiyo, na ilipitishwa mahali walipotaka wao. Lakini mama wa Karatina anayepeleka viazi Nairobi hahitaji treni ya kukimbia kilomita 120 kwa saa. Anahitaji stesheni iliyo karibu na soko, na ipo, na behewa linalofika hapo, na hilo ndilo halijawekwa vya kutosha. Kubadilisha upana wa reli ni kazi ya mabilioni. Kuongeza mabehewa kwenye kiungo kilichopo ni uamuzi wa ofisini.

Ubavuni nimeandika EAR, kwa brashi ya nywele tatu, na chini yake sikuweka namba ya mwaka mmoja. Behewa la EAR lililopita Manyani mwaka wa 1954 lingeweza kuwa bado linapakia kahawa ya wakulima wa Nyeri mwaka wa 1964, ikiwa ni yao sasa. Mabehewa huishi muda mrefu kuliko serikali. Ngumi niliyoifunga inafaa miaka yote hiyo, na inafaa pia ya leo.

Ukipanda treni ya Nanyuki wikendi moja, teremka Kiganjo inaposimama, wengine wakinunua mahindi. Tembea hadi mahali mabehewa mawili yanapokutana. Angalia chini, upime reli kwa mkono wako: dhiraa mbili na kidogo. Halafu kaa kando na usubiri kichwa cha treni kivute. Utausikia ukija kutoka mbele.